Marufuku ya Simu Kazini Isiwe Umangimeza

Siku hizi pana sanduku la mbao ambalo limekuwa sehemu ya samani za kazini. Mahali pengine hukaa mezani kwa mlinzi wa lango, pengine juu ya kabati la karani, na katika msimu wa mitihani hukaa katika ofisi ya mkuu wa shule. Asubuhi mfanyakazi hutia humo simu yake ikiwa imezimwa, na jioni huitwaa. Kati ya saa hizo mbili, kwa watu wake wa nyumbani, mfanyakazi huyo ni kama hayupo duniani.

Haidaiwi hapa kwamba sanduku hilo livunjwe. Marufuku ya simu kazini ina sababu zake, na nyingi ni za haki. Katika kiwanda cha chai, mashine za kukata na kusokota majani hazina huruma kwa mkono wa mtu anayesoma ujumbe. Keshia wa benki hushika siri za wateja. Muuguzi wodini hushika siri za wagonjwa, na picha moja iliyopigwa kwa utani yaweza kumvunjia mgonjwa heshima maisha yake yote. Msimamizi wa mtihani akiwa na simu, karatasi ya maswali yaweza kusafiri kutoka Korogwe hadi Kigoma kabla watoto hawajamaliza kuandika namba zao. Tena, kila mwananchi aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi ya umma, huku mhudumu akicheka na kioo cha simu yake, anajua kwamba ugonjwa huo upo na unahitaji dawa.

Basi ugomvi si juu ya sanduku. Ugomvi ni juu ya yule aliyelifunga akaondoka na ufunguo.

Bungu ni kata ya milimani katika Wilaya ya Korogwe, upande wa Usambara Magharibi, katika nchi ya migomba, maharage na chai. Anayetoka huko kwenda Hospitali ya Magunga mjini Korogwe huteremka mlima mzima, na mvua ikinyesha sana njia za mlimani huwa utelezi mtupu, na pengine hukatika. Hapo ndipo jambo hili linapopaswa kupimwa, wala si katika jengo la ghorofa la Dar es Salaam ambamo mke anaweza kupanda daladala akamfuata mumewe ofisini.

Tuseme mama anafanya kazi ndani ya kiwanda fulani katika milima hiyo. Mtoto wake wa miaka mitatu amebaki na bibi. Saa nne asubuhi mtoto anashikwa na degedege. Bibi anapiga kelele, jirani anakuja na simu, bodaboda inaitwa. Kituo cha afya wanamtazama mtoto na kusema apelekwe hospitali. Sasa panatakiwa mtu wa kusema mtoto huyu alipewa dawa gani juzi, ana mzio wa nini, kadi yake ya kliniki imewekwa wapi. Panatakiwa fedha, ambazo zimo katika simu ya mama. Mtu wa kusema hayo na wa kutoa fedha hizo ni mmoja tu, naye yuko umbali wa mwendo wa nusu saa, amesimama mbele ya mashine, hajui lolote. Simu yake inapigwa mara kumi na mbili. Kila mara sauti ya kike iliyorekodiwa inasema kwa upole kwamba namba hiyo haipatikani kwa sasa. Mama anatoka saa kumi jioni, anafungua simu langoni, na ujumbe wote unaingia kwa mpigo mmoja.

Hakuna kanuni iliyoandikwa na mwajiri yeyote inayosema kwamba mama huyo lazima ateseke hivyo. Lakini hakuna kanuni iliyoandikwa inayosema vinginevyo, na hapo ndipo penye kosa. Mwajiri amefikiri nusu ya jambo. Amefikiri jinsi ya kuchukua simu. Hakufikiri kwamba anapoichukua, anachukua pamoja nayo kazi iliyokuwa ikifanywa na simu hiyo.

Wazee waliofanya kazi serikalini katika miaka ya 1970 na 1980 watashangaa kusikia kwamba tatizo hili ni jipya, maana wao hawakuwa na simu za mkononi na bado habari ziliwafikia. Ofisi ilikuwa na simu moja ya mezani. Ilipolia, karani wa masijala aliipokea, akaandika jina, akamwita tarishi. Tarishi alikuwa mtu mwenye cheo kidogo na kazi kubwa: alijua kila mtu ameketi wapi, nani yuko shambani, nani kaenda Lushoto kwenye semina. Zahanati na misheni za mbali zilikuwa na simu ya upepo. Palikuwa na telegramu ya posta, na hata msiba uliotokea mkoa mwingine ulisomwa katika matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, kijiji kizima kikasikia na mtu akakimbia shambani kumwita mwenye msiba. Njia hizo zilikuwa za polepole, lakini kila moja ilikuwa na mtu wake, na mtu huyo aliulizwa asipotimiza kazi.

Kisha zikaja simu za mkononi. Zilianza Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, zikapanda milima taratibu, na kila mtu akawa tarishi wa nafsi yake. Ofisi nyingi hazikuona tena sababu ya kulipia simu ya mezani. Tarishi akastaafu, asiajiriwe mwingine. Jambo hilo lilikuwa la maana maadamu kila mtu alikuwa na simu mfukoni. Leo mfuko umeamriwa kuwa mtupu, lakini simu ya mezani haikurudishwa, wala tarishi hakurudishwa. Njia ya zamani imefukiwa, njia mpya imefungwa, na katikati amesimama mlinzi wa lango anayesema, "Nimeambiwa nisimruhusu mtu."

Yafaa ikumbukwe pia kwamba kuifikisha simu milimani hakukuwa bure. Makampuni ya simu hayakuwa na haraka ya kujenga minara katika vijiji ambavyo wateja wake ni wakulima wa vishamba. Kwa sababu hiyo ikatungwa sheria mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili makampuni yapewe ruzuku ya kujenga mahali ambapo faida ni ndogo. Hata hivyo mabonde mengi ya Usambara bado yana mahali ambapo mtu hulazimika kupanda kilima na kusimama penye jiwe fulani ndipo apate mtandao. Mwananchi amepanda jiwe hilo na bibi analia pembeni. Sauti yake imeruka bonde, imefika mnarani, imeteremka upande wa pili hadi kwenye lango la mahali pa kazi. Hapo imekufa, hatua hamsini kutoka kwa mtu iliyekuwa ikimtafuta.

Mfano wa pili ni wa kina mama wajawazito. Tangu mwaka 2022 mpango wa m-mama umeenezwa nchini: anayepatwa na dharura ya uzazi, au mtu wake, hupiga namba 115 bila malipo, na kituo cha mawasiliano hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo huita dereva wa kijijini aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Ni mpango wa busara, hasa kwa watu wa milimani. Lakini uzuri wake wote umejengwa juu ya imani kwamba watu wanapatikana kwa simu. Mzazi huchukuliwa, hufikishwa hospitali, huambiwa panahitajika damu au panahitajika ndugu wa kukaa naye. Mumewe yumo ndani ya jengo ambalo simu yake imefungiwa sandukuni. Nchi nzima imejifunza kumtafuta mama huyo kwa dakika. Mwajiri mmoja hawezi kumtafuta baba kwa saa sita.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya huruma, na kiwanda au ofisi haiendeshwi kwa huruma. Na waitazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara likizo yenye malipo ya siku zisizopungua 4 kwa sababu ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Bunge halikutoa siku hizo ili mtu azitumie baada ya mazishi. Haki ya kwenda kwa mtoto mgonjwa ina maana tu kwa mtu anayejua kwamba mtoto ni mgonjwa. Mwajiri anayempa mfanyakazi likizo kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akazuia habari ambayo ndiyo chanzo cha likizo hiyo, hakutoa kitu.

Lakini chanzo halisi cha uzembe huu hakimo katika sheria. Kimo katika desturi ya zamani zaidi, nayo ni unyapara. Mtazame anayetangaza marufuku hiyo katika mkutano wa wafanyakazi. Mara nyingi ana simu mbili, moja mkononi na nyingine mezani, na hotuba yake hukatizwa mara mbili na milio yake mwenyewe. Akiulizwa, atasema kwamba yeye ni kiongozi na lazima apatikane wakati wote. Kweli, kiongozi lazima apatikane. Je, mtoto wa mpakiaji wa chai haugui? Mama yake mhudumu wa usafi hafi? Marufuku ambayo haivuki ngazi ya pili ya jengo huwa imeacha kuwa kanuni ya usalama na kuwa alama ya cheo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno na dharau kazini, na baada yake wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliwakataa mameneja wao mbele ya macho ya watu. Mengi yamebadilika tangu siku hizo. Meneja anayesema "dharura zako si dharura zangu" hajabadilika sana.

Walimu nao wasidhani kwamba habari hii ni ya viwandani tu. Kanuni za mitihani ya taifa haziruhusu simu katika chumba cha mtihani, na ni vema hivyo. Lakini tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Mwalimu msimamizi hapangiwi shule yake mwenyewe. Hupelekwa nyingine, pengine ng'ambo ya milima miwili. Nyumbani hawajui jina la mkuu wa shule ile wala namba yake. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, wakati wa mvua za vuli. Wa Kidato cha Sita hufanyika Mei, masika ikiwa bado haijakauka. Yaani mwalimu hutengwa na watu wake katika miezi ile ile ambayo milima huporomoka. Mwezi Novemba 2009 maporomoko ya Goha, katika milima jirani ya Upare wilayani Same, yaliua watu zaidi ya 20. Desemba 2023 tope la mlima Hanang liliua zaidi ya 80. Hakuna aliye na haki ya kumwambia mwalimu anayeishi chini ya mteremko kwamba habari za nyumbani kwake zitangoja hadi karatasi ya mwisho ikusanywe.

Na dharura haitoki nyumbani tu kuja kazini. Yaweza kuanzia kazini. Moto ukiwaka katika ghala la majani makavu, nani atapiga 114? Ikiwa simu zote ziko sandukuni, na sanduku limefungwa, na mlinzi amekwenda kunywa chai, marufuku iliyowekwa kwa jina la usalama imewafunga watu ndani pamoja na hatari yao. Wamarekani waligombana juu ya jambo hilo hivi karibuni. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2021 kimbunga kilibomoa ghala la kampuni ya Amazon mjini Edwardsville, katika jimbo la Illinois, wakafa watu 6. Kampuni hiyo kwa miaka ilikuwa imekataza simu ndani ya maghala yake, ikalegeza kamba wakati wa janga la Uviko, na ilikuwa na nia ya kuikaza tena. Baada ya vifo hivyo wafanyakazi walipaza sauti kwamba simu ndiyo njia yao ya kupata onyo la hali ya hewa na ya kuwaita waokoaji. Mwaka 2022 kampuni ikakubali kwamba simu zitaruhusiwa bila ukomo. Hiyo ni kampuni tajiri kupita kiasi, yenye vipaza sauti na kamera kila pembe. Bado haikuweza kuwashawishi watu wake kwamba wangepata habari kwa wakati. Kiwanda chenye king'ora kilichoharibika kingewashawishi kwa lipi?

Hoja ya wakubwa inayosikika zaidi ni kwamba wafanyakazi watadanganya: leo mtoto anaumwa, kesho shangazi amefariki, na shangazi huyo huyo atafariki tena mwezi ujao. Ni kweli wapo waongo. Walikuwapo pia enzi za telegramu. Lakini simu inayopokelewa na mtu wa zamu, ikaandikwa daftarini kwa saa na jina la mpigaji, humbana mwongo kuliko simu iliyo mfukoni mwake ambayo hakuna anayejua inasema nini. Na hasara ya kumwita mtu bure ni dakika tano za mashine kupokewa na mwenzake. Hasara ya kutomwita haina kipimo.

Wengine husema namba ipo, imebandikwa ubaoni. Namba ya nani? Ukitazama vizuri ni namba ya mkuu mwenyewe, ambaye leo yuko kikaoni Korogwe na kesho yuko Tanga, na ambaye hapokei namba asizozijua. Au ni simu ya ofisi iliyowekwa juu ya faili katika chumba ambacho mtandao haufiki, na chaji yake iliisha tangu umeme ulipokatika juzi. Namba ya dharura isiyo na mtu nyuma yake ni pambo la ukutani.

Jambo linalotakiwa si kubwa, wala halihitaji mfadhili. Panatakiwa simu moja ya kazi, ya bei ndogo, ya vitufe, inayokaa na chaji siku tatu, iwekwe mahali ambapo mtandao unafika hata kama mahali hapo ni kibanda cha lango. Awepo mtu wa zamu aliyetajwa kwa jina kila siku, mwenye amri ya kuingia popote ndani ya jengo bila kuomba ruhusa ya msimamizi, na mwenye kuulizwa akichelewa. Namba hiyo iwe kwa afisa mtendaji wa kijiji, kwa mwenyekiti wa kila kitongoji, katika kituo cha afya, na kwa mkuu wa shule wanakosoma watoto wa wafanyakazi. Kila mfanyakazi aende nayo nyumbani imeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu bibi hatumii orodha ya majina ya simu. Anampa jirani karatasi.

Tena pana jambo dogo ambalo anayekaa mbali na vijiji hawezi kulifikiri. Mama anayetafutwa anajulikana kijijini kwa jina la mwanawe wa kwanza. Katika daftari la mishahara ameandikwa kwa jina la baba yake, pengine kwa herufi alizokosea karani. Mpigaji anamtaka mama wa fulani. Mpokeaji anajibu kwamba mtu huyo hayupo hapa, na anakata simu kwa nia njema kabisa. Daftari la dharura lazima liwe na majina yote mawili, na liwe na vibarua pia, hata wale wa siku tatu. Kibarua hulipwa kwa siku, lakini mtoto wake haugui kwa mkataba.

Kwa taasisi za umma chombo cha kulisimamia hili kipo tayari. Mabaraza ya wafanyakazi yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ili mfanyakazi awe na sauti katika mambo ya mahali pake pa kazi, na hadi leo taasisi hukutana kwa jina hilo. Mara nyingi ajenda ni bajeti na michezo ya Mei Mosi. Mjumbe mmoja aulize swali moja: mke wangu akipiga sasa hivi, nani atapokea? Katika mashamba na viwanda binafsi, kifungu kama hicho kina nafasi yake katika mkataba wa hali bora, pamoja na posho na mavazi ya kazi, na chama cha wafanyakazi kinachosahau kukidai hakina haki ya kulaumu mwajiri peke yake.

Kisha mpango huo ujaribiwe. Siku ya kawaida, bila kutangaza, mtu apige namba ile kutoka kitongojini na saa itazamwe: dakika ngapi zimepita tangu simu ilie hadi mfanyakazi aguswe bega? Zikiwa tano, vema. Zikiwa arobaini, meneja ameshalijua tatizo lake kabla halijamwua mtu. Wakuu wa vituo vya mitihani wanaweza kufanya jaribio hilo hilo juma moja kabla ya Kidato cha Nne kuanza, na kuwapa wasimamizi namba ya kituo siku wanapopewa barua zao za kupangiwa, ili mwalimu aiache nyumbani kabla ya kushika njia. Barua hizo huandikwa kila mwaka. Zinahitaji mstari mmoja zaidi.